Chakula Nilichomnyima Somoe

Akina mama wenye watoto wa pumu ya ngozi hunijia nyumbani, hapa Newala, na karibu wote huniuliza swali moja: mtoto nimkataze kula nini? Wamesikia kwamba binti yangu Somoe aliugua ugonjwa huo tangu uchanga na sasa ni msichana mkubwa, basi wanadhani ninayo orodha. Orodha nilikuwa nayo. Niliipiga chapa kwa mkono wangu, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu katika ofisi moja ya serikali, nikaibandika kwenye mlango wa jiko. Ninaandika yaliyofuata ili anayekuja nyuma yangu asipite nilikopita.

Somoe alizaliwa wakati maduka yetu yalipoanza kujaa tena. Kwa miaka mingi tulikuwa tumepanga foleni kwa kipande cha sabuni ya mche, kisha ghafla kukawa na sabuni za kunukia za kila rangi, maziwa ya kopo, biskuti, mafuta ya nywele, na duka la dawa lenye kabati la kioo. Nilimwogesha mwanangu kwa sabuni hizo kwa furaha. Maji Newala ni shida hadi leo, lakini baba yake alikuwa fundi wa pampu katika idara ya maji, kwa hiyo ndoo mbili hazikutukosa.

Alipofika miezi mitatu mashavu yake yakawa mekundu na makavu, yakachanika. Halafu ikaja kwenye viwiko, nyuma ya magoti, kwenye mikunjo ya shingo. Alijikuna mpaka majimaji yakatoka na nguo ikagandia mwilini, ikawa kila kumvua ni lazima kwanza niloweshe kitambaa. Nilimkata kucha, nikamvisha soksi mikononi, na bado alijisugua kichwa kwenye kifua changu hadi damu ikabaki kwenye khanga. Kliniki tulikaa kwenye benchi refu. Mwanamke aliyekuwa kando yangu alimwangalia Somoe, akamhamishia mtoto wake paja la pili.

"Dada, usinielewe vibaya," alisema, "huyu wangu hajawahi kupata upele."

Nilimwambia kwamba huu hauambukizi. Aliitikia kwa kichwa, kisha akainuka akaenda kukaa benchi la mbele.

Miezi ile ninaikumbuka kwa dawa. Kulikuwa na miezi ya dawa ya maji ya pinki iliyokauka juu ya ngozi kama chokaa. Ikaja miezi ya dawa ya zambarau, na Somoe akawa na madoa kama aliyemwagiwa wino. Mganga wa kliniki alinieleza kwa upole kwamba ugonjwa huu huja na kuondoka, kwamba nimpake mafuta mazito kila baada ya kuoga na niachane na sabuni za kunukia. Sikuridhika. Nilitaka dawa ya kuumaliza. Nikaenda duka la dawa, nikauziwa mafuta ya tyubu, na kwa siku nne mwanangu akawa na ngozi ya watoto wengine. Nilimbeba kanisani nikiwa nimemvalisha gauni lisilo na mikono. Tyubu ilipokwisha, ugonjwa ulirudi kwa nguvu mara mbili, na mashavuni ngozi ilikuwa imekuwa nyembamba mpaka mishipa ikaonekana.

Likizo yangu ya uzazi ilikuwa imekwisha zamani, na mama yangu alikuwa ameshatoka Chilangala, kijijini kwetu, kuja kunisaidia. Nilikuwa nimempa mtoto jina lake. Hakumwita mjukuu; alimwita "somo wangu". Aliacha mikorosho yake kwa kaka yangu, akaja na kapu moja la nguo na kinu kidogo, kwa sababu alisema vinu vya mjini ni vizito bila sababu.

Somoe alipokuwa na miezi minane nilimpa kiini cha yai. Kabla sijaosha kijiko midomo ilivimba, na mabaka yakamtoka kuanzia usoni hadi kifuani. Yalishuka baada ya saa chache, lakini kwa siku tatu viwiko vyake vilichanika upya. Baadaye, msimu wa kuokota korosho ulipofika, mama alitwanga korosho chache akazitia kwenye uji. Mtoto alitapika, jicho moja likafumba kwa uvimbe, akapumua kwa shida mpaka tukafika zahanati tukikimbia.

Mama ndiye aliyesema kwanza. Tulikuwa tumerudi, mtoto amelala begani kwake.

"Fatu," aliniambia, kwa jina aliloniita tangu utotoni, "yai na korosho vinamdhuru somo wangu. Hivi viwili asipewe tena, hata akilia."

Haikuwa rahisi kwake kusema hivyo. Korosho ndizo zilizotulea na kutusomesha. Lakini alisema alichokiona, na kuanzia siku hiyo hakuingiza korosho hata moja nyumbani kwangu.

Kosa langu lilianzia hapo, mahali ambapo tulikuwa tumeona sawasawa. Nilijiambia: kama vyakula viwili vimefanya haya, kwa nini visiwe vinne, kwa nini visiwe kumi? Kila ngozi ilipochafuka nilikumbuka alichokula jana yake. Akiwa amekula dagaa, nikaondoa dagaa. Ulikuwa mwezi wa kupuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho, upepo wote ulikuwa na vumbi lile la njano, watu wazima walikuwa wakikohoa na kufikicha macho. Lakini mimi nikalaumu dagaa. Alipotulia kwa siku tano, nikaona nimepatia. Alipochafuka tena, nikaondoa kunde.

Na watu walinisaidia kuondoa. Muuza dawa alisema maziwa. Mwalimu mmoja jirani yetu, mtu wa Mbeya, alisema karanga. Nilimpeleka mtoto kwa mganga wa miti shamba huko Chiwata, mzee mpole, akatupa majani ya kuogea na kunikataza maharage na samaki wenye magamba. Nyama nyekundu sikumbuki aliyeikataza. Nyanya nilizikataza mwenyewe. Hata ziwa langu nililitilia shaka, nikamwachisha mapema kuliko tulivyozoea kwetu.

Siku niliyobandika orodha, mama alisimama mbele ya mlango wa jiko. Alikuwa amejifunza kusoma kwenye elimu ya watu wazima, alisoma polepole huku midomo ikicheza. Alimaliza, akarudi juu, akasoma tena.

"Sasa atakula nini?" aliuliza.

"Uji wa muhogo, mama. Ugali. Mboga za majani kidogo. Chai."

"Hayo ni ya kushibia," alisema. "Ya kukulia ni yapi?"

Nilimjibu kwamba kwanza apone, kukua kutakuja. Mume wangu alikuwa amekaa pale pale. Yeye ni mtu wa Singida, kwao mtoto hukua kwa maziwa, na tulikuwa tumeshagombana juu ya hilo mpaka tukachoka. Safari hii alinyanyuka akaenda kuangalia baiskeli yake. Siku hizo kazini kulikuwa na maneno ya kupunguza watumishi, na alikuwa amezoea kunyamaza.

Somoe alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda hivyo: ngozi ikichafuka, ikitulia, orodha ikiongezeka. Hakuwa amenenepa lakini alikuwa anatembea, anacheka, anamfuata bibi yake nyuma kama kifaranga. Nilijisifu kimoyomoyo kwamba mwiko wangu unafanya kazi.

Siku moja mashine yangu iliharibika ofisini, nikaruhusiwa kurudi nyumbani kabla ya mchana. Nilizunguka nyuma ya nyumba. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, Somoe mapajani kwake, kikombe cha bati mdomoni. Harufu ya dagaa niliisikia kabla sijafika. Kando ya mkeka kulikuwa na kopo, na ndani yake unga wa kijivu: dagaa na kunde zilizokaangwa, zikatwangwa pamoja kwenye kinu chake kidogo.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

Hakuficha kikombe. Alimpa mtoto funda la mwisho, akamfuta mdomo.

"Tangu ulipobandika karatasi."

"Mama, unajua mtoto huyu ni mgonjwa."

"Najua. Sikumpa yai, sikumpa korosho. Hivyo viwili nimeviona kwa macho yangu. Hivi vingine sijaviona, Fatu. Nampa kidogo, namwangalia siku nzima, haoti hata upele."

Kama ningekuwa na akili ya leo, ningekaa kwenye ule mkeka nikamsikiliza. Lakini nilikuwa nimekesha wiki nzima na mtoto anayejikuna, na asubuhi ile shingo yake ilikuwa imechanika. Nilikuwa nimepata mtu wa kumlaumu.

"Nilikuomba uje unisaidie," nilisema. "Sikukuita uje kuniulia mtoto."

Mama alinikabidhi Somoe, akakunja mkeka, akaosha kikombe. Kesho yake alipanda gari lililokuwa likienda upande wa Chilangala, na kapu lake na kinu chake. Somoe alilia akiita "Somo, somo," maana na yeye alimwita bibi yake hivyo hivyo. Unga wa kwenye kopo niliwamwagia kuku.

Baada ya hapo mwanamke jirani ndiye aliyekaa na mtoto nikiwa kazini, naye alifuata orodha herufi kwa herufi. Wiki ya tatu au ya nne, Somoe alianza kutulia. Aliacha kulia nikiondoka. Aliacha kujikuna kwa nguvu. Alikaa mahali nilipomweka na nikirudi nilimkuta hapo hapo. Nilimwambia mume wangu, "Unaona? Anapata nafuu." Kisha mashavu yakajaa, na miguu ikajaa, na watu sokoni wakanipongeza kwamba mtoto ameanza kunenepa. Nilishukuru Mungu kwa unene ule.

Mvua zilipoanza, nywele zake zikawa laini na nyekundu, zikang'oka kwenye kitana. Ngozi ya mapaja ikawa nyeusi, ikabanduka kama rangi ya ukuta wa zamani. Nikadhani pumu ya ngozi imerudi kwa namna mpya, nikaondoa mboga za majani. Majirani walikuwa wameanza kunong'ona kwamba tumembemenda mtoto, yaani mmoja wetu ametoka nje ya ndoa na dhambi yake imemwangukia mtoto. Mume wangu aliyasikia kazini. Alirudi akaniuliza, bila kunitazama, kama kuna jambo ningependa kumwambia. Nikamuuliza yeye swali hilo hilo. Hatukusemeshana siku mbili, na kati yetu mtoto alikaa kimya kwenye kigoda chake, miguu imevimba.

Mume wangu ndiye aliyekata shauri. Gari la idara lilikuwa linashuka Masasi kuchukua vipuri, akaomba tupande. Tulikwenda hospitali moja ya misheni upande huo. Barabara ilikuwa matope na tulifika alasiri. Ukumbi wa kungojea ulijaa watu, na safari hii hakuna aliyehama benchi, kwa sababu wengi walikuwa na watoto kama wangu. Nilishangaa kwamba pumu ya ngozi imeenea kiasi hicho.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, tulimwita Sista Lidia. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akamfunua Somoe bila haraka.

"Anakula nini?" aliuliza.

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nilitoa orodha mkobani, nakala safi, nikampa nikitegemea anisifu. Aliisoma yote. Aliikunja, akanirudishia.

"Hivi ndivyo asivyokula," alisema. "Nimeuliza anakula nini."

"Uji wa muhogo," nilisema. "Na chai."

Alibonyeza kidole gumba juu ya mguu wa mwanangu, akakiondoa. Shimo lilibaki. Tuliliangalia wote watatu, mimi, yeye na mume wangu, na halikufutika.

"Huu si unene, mama," alisema. "Ni njaa."

Tulilazwa katika wodi ya watoto wenye utapiamlo. Mimi, mtumishi wa ofisi, mke wa mtu mwenye mshahara. Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo mwanamke wa vijiji vya karibu na Chiwata. Mvua za mwaka uliopita zilikuwa zimemkatalia, na nyumbani kwake kulibaki makopa tu, muhogo uliokaushwa. Alinisaidia siku za kwanza, akanionyesha jinsi ya kumnywesha mtoto maziwa ya dawa kwa kijiko, kidogo kidogo, bila kumlazimisha. Siku ya tano asubuhi mtoto wake wa kiume hakuamka. Alimfunga kwa khanga yake mwenyewe, akaniomba nimshikie ndoo wakati anakusanya vitu. Hakujua kwa nini nililia kuliko yeye. Yeye alikuwa amekosa cha kumpa mtoto. Mimi nilikuwa nacho, nikakibandikia marufuku mlangoni.

Somoe hakufa. Wiki ya pili uvimbe ulishuka na tukaona alivyobaki, mifupa na macho. Wiki iliyofuata alilia kwa sauti kubwa, akipigania kijiko, na Sista Lidia akasema kilio hicho ndicho alichokuwa akikingoja. Hapo ndipo alipokaa nami na daftari. Alisema vyakula tutavirudisha kimoja kimoja, kidogo, hapo hapo hospitalini, tukiangalia siku mbili tatu kabla ya kuongeza kingine. Alisema yapo mambo mawili nisiyachanganye: chakula kinachomvimbisha mtoto midomo papo hapo, na ngozi inayochafuka kwa sababu zake mwenyewe, jasho, vumbi, sabuni, homa. La kwanza nilizingatie. La pili nisimnyime mtoto chakula kwa ajili yake.

Tulianza na dagaa. Niliandika saa, nikamkodolea macho mwanangu mpaka jioni. Hakuota kitu. Kunde, hakuota kitu. Maziwa, maharage, karanga kidogo sana huku daktari akiwa jirani, samaki, nyama. Daftari lilijaa neno moja, "salama, salama". Mayai na korosho hatukujaribu. Niliwasimulia yaliyotokea, na daktari akasema hayo yasijaribiwe nyumbani kabisa. Vitu viwili. Vile vile viwili.

"Kabla ya miezi hii alikuwa na nani?" Sista Lidia aliniuliza tulipokuwa tunafunga daftari. "Kwa orodha ile, asingefika hapa akiwa hai. Kuna mtu alikuwa anamlisha."

Nikamwambia ni mama yangu.

"Basi mshukuru."

Tulipotoka hospitali, mume wangu alibaki kazini, mimi nikaenda moja kwa moja Chilangala na Somoe mgongoni. Mama alikuwa uani anaanika muhogo. Nilimwamkia, akaitikia, akaendelea kupanga vipande juani. Kisha aliona miguu ya mtoto, myembamba, na nywele. Aliacha muhogo. Aliketi chini akanyoosha mikono, na Somoe, ambaye nilidhani amemsahau, alimwendea.

Nilimweleza yote. Sikujitetea. Nilimpigia magoti, nikamwomba msamaha kwa lile neno.

"Nilikusamehe nikiwa bado barabarani," alisema. "Wewe ni mwanangu. Ulikuwa unaogopa."

Alituchinjia kuku, akapika mbaazi. Nilipumua. Lakini chakula kilipowekwa, alichota mbaazi kwa kijiko, akakishika hewani mbele ya mdomo wa mtoto, akanigeukia.

"Mama Somoe," alisema, "nimpe?"

Hakuwahi kuniita hivyo. Hivyo ndivyo walivyoniita majirani na wauza duka. Nilidhani ni kwa siku hiyo tu. Nilimwambia mpe, mama, mpe chochote uonacho. Akampa. Kesho yake asubuhi, kwa uji, akaniuliza tena.

Kwa anayetaka kujua habari za ngozi, nitasema hivi. Ya Somoe haikupona kwa siku moja wala kwa chakula. Nilirudi kwenye yale niliyoambiwa mwanzoni na mganga wa kliniki: mafuta mazito mwili ukiwa bado na unyevu, sabuni isiyo na harufu, dawa ya tyubu kwa maelekezo ya daktari na kwa siku chache. Mwezi wa salfa ulipofika tulimhamishia mtoto kwa shangazi yangu mjini Masasi. Akiwa darasa la kwanza alibaki na mabaka ya viwiko tu. Mayai na korosho hali mpaka leo, na katika nchi ya korosho amejifunza kuuliza kabla ya kuonja. Ukiona chakula kimemdhuru mtoto wako, kiache hicho, halafu mpeleke hospitali kabla hujaacha cha pili. Hiyo ndiyo orodha yangu yote sasa.

Mume wangu na mimi tulibaki pamoja. Swali aliloniuliza siku zile za minong'ono na nililomrudishia hatujalizungumza tena.

Mama alifariki Somoe akiwa na miaka tisa. Alikuwa ameugua tumbo muda mrefu, na mwishoni tulikaa naye Chilangala wiki nyingi. Nilimwambia zaidi ya mara moja kwamba hana haja ya kuniuliza, kwamba mtoto ni wake kama alivyo wangu. Alikuwa akitabasamu na kusema, "Najua, Mama Somoe." Hakuwa akinikomoa. Ninaamini hivyo kwa moyo wote, na ndiyo maana inaniuma. Angekuwa ananikomoa, ingekuwa nyepesi.

Katika siku zake za mwisho za kukaa kitako, tulikuwa tumemletea muhogo wa kuchemsha, laini, usio na kitu, chumvi yenyewe kidogo mno. Somoe alikaa ubavuni mwake, akanyoosha mkono kwenye sahani. Mama akaifunika sahani kwa kiganja, akanitafuta kwa macho, maana kuona kwenyewe kulikuwa kumepungua.

"Somo, muhogo nakula," Somoe alimwambia.

Kiganja hakikuondoka. Nikasema, "Mpe, mama." Ndipo akakiondoa.